Haijazimwa

Itetemia, Tabora
4 Machi 2024

Mwanangu Asnath,

Najua unapiga simu na sipokei. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linasikia mvumo tu, na mambo ya leo sitaki yapotelee kwenye mvumo. Kondakta wa basi la Igunga atakuletea bahasha hii dukani kwako.

Mimi ni Bernardo Kapela yule yule aliyekufundisha kemia na jiografia hapa Tabora. Nina miaka themanini na mbili, ini limeharibika, na daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Sikuandikii habari za ini. Nimesikia wewe ndiye mwenyekiti wa bodi ya Sekondari ya Ilolambuga, na katika shule hiyo mtoto amepofuliwa jicho kisha akaitwa mwizi.

Mtoto ni Koleta, wa kidato cha nne, mjukuu wa marehemu dada yangu. Mkuu wa shule, Mwalimu Marko, ndiye anayefundisha kemia kwa kuwa hakuna mwingine. Mwezi uliopita alitaka maji ya chokaa kwa somo la hewa ya ukaa. Unalikumbuka: unapuliza pumzi kwa mrija kwenye maji maangavu, yanageuka kama maziwa, darasa zima linapiga kelele. Shule haina kemikali, kwa hiyo akanunua chokaa kwa mchomaji wa kule Ziba. Akampa Koleta chupa ya plastiki: tia chokaa, tia maji, funga, tikisa. Chupa ikapata moto mkononi mwa mtoto, ikampasukia usoni. Jicho la kushoto halioni tena.

Na sikia hili, maana mimi nalirudia kila asubuhi uji ukinipoea mbele yangu. Kabla ya kumpeleka hospitali, Marko alimkalisha ofisini aandike maelezo. Jicho linaungua, mtoto anaandika maelezo! Na ndoo ya maji ipo mlangoni!

Sasa shule inasema chokaa haiunguzi mtu, kwa hiyo Koleta aliiba tindikali stoo akaichanganya humo. Amefukuzwa. Mtihani wa taifa ni Novemba. Nakuuliza wewe uliyepata alama za juu mbele ya macho yangu: mliketi mkalisaini hilo?

Mwalimu wako,
Bernardo Kapela


Igunga
11 Machi 2024

Shikamoo Mwalimu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nyuma ya kaunta, na mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Ndiyo, tulisaini. Mimi nilisaini. Mezani kulikuwa na taarifa ya mkuu wa shule kwamba chupa ya tindikali imekutwa pungufu, na karatasi ya hospitali inayosema jicho limeungua kwa kemikali. Kemikali gani, haisemi. Nikauliza kuhusu sweta la mtoto, maana tindikali ingelitoboa na chokaa ingeacha weupe. Mama yake, Getruda, alikuwa ameshalifua. Angefanyaje? Ndilo sweta pekee.

Niliuliza pia kuhusu chokaa yenyewe. Mwalimu Marko akacheka mbele ya kikao: "Dada Asnath, chokaa ni chokaa. Tunapaka ukutani, tunachora uwanja wa mpira, watoto wanaishika kwa mikono mitupu." Wazee wote wakaitikia. Ukisema chokaa huku, mtu anaona ukuta mweupe na mistari ya goli. Haoni moto.

Mimi najua inategemea ni chokaa ipi, Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini sina ushahidi kwamba naye alijua. Ikiwa hakujua, ni ajali na bado tindikali inabaki na maswali. Ikiwa alijua, basi hadithi ya tindikali ameitunga ili kujifunika. Bila kulithibitisha hilo siwezi kufumua uamuzi, na wewe ni ndugu wa mtoto. Wataniambia nimependelea.

Unakunywa dawa zako?

Asnath Jilala


Itetemia
19 Machi 2024

Kwa Mkuu wa Shule, Sekondari ya Ilolambuga

Mwalimu Marko,

Hatufahamiani. Nimefundisha somo unalolifundisha wewe, kwa hiyo niruhusu nikupe kipindi kimoja cha bure.

Miamba yetu ya matale ina kalsiamu ndani yake. Mvua inaiyeyusha kidogo kidogo na kuiteremsha mbugani. Jua linakausha maji, kalsiamu inabaki kwenye udongo mweusi kama vijiwe vyeupe, vile vinavyokwamia kwenye kwato za ng'ombe wenu. Wapagazi wa zamani waliokuja Tabora na mizigo kichwani walivikanyaga, na malori yanavikanyaga leo. Mtu anaviita chokaa.

Vichome kwenye tanuru. Hewa ya ukaa inatoka, kinabaki kitu chepesi, chenye kiu kali ya maji. Mtu anakiita chokaa. Kipe maji, kitachemka na kufuka moshi mpaka kiu iishe. Baada ya hapo ni unga mpole wa kupaka ukutani. Mtu anauita chokaa. Ukutani unavuta tena hewa ile ile iliyotoka tanuruni, unarudi kuwa jiwe.

Vitu vitatu, jina moja. Cha katikati ndicho ulichomfungia mtoto ndani ya chupa. Ikiwa hukujua, sema hukujua, nami nitakuheshimu. Lakini usimwite mwizi.

B. Kapela


Ilolambuga
2 Aprili 2024

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MWANAFUNZI KOLETA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi imepokea barua yako ya tarehe 19/03/2024 na inakushukuru kwa mchango wako wa kihistoria katika elimu. Hata hivyo, ofisi inasisitiza kuwa chokaa iliyotumika ni chokaa ya kawaida inayotumiwa na jamii nzima, isiyo na madhara. Jeraha limetokana na utovu wa nidhamu wa mwanafunzi na uchukuaji wa tindikali bila idhini.

Unashauriwa, kwa kuzingatia umri na afya yako, kupumzika.

Mwl. Marko
Mkuu wa Shule


Ziba
14 Aprili 2024

Babu yangu, shikamoo,

Mama kasema nikuandikie mwenyewe.

Babu, mimi nimechoka. Acha tu. Nikienda kisimani wananiita Chongo, na hilo nimelizoea, hata mimi nacheka. Lakini wakisema Tindikali ndiyo siwezi. Juzi dukani mama mmoja aliuficha mkoba wake nilipoingia. Dogo mmoja akamwambia, "Mama, huyo haibi hela, anaiba sumu." Watu wakafa kwa kicheko.

Umeniuliza chupa ilikuwaje. Ilianza vuguvugu kama chupa ya uji. Nikasema, "Mwalimu, inapata moto." Akasema, "Tikisa, usideke." Alikuwa amesimama mbali sana, Babu, nyuma ya meza ya mwisho, karibu na mlango. Wenzangu wote walikuwa wamenizunguka, yeye peke yake yuko kule. Hilo ndilo nalikumbuka kuliko maumivu.

Mama anataka nikajifunze cherehani Nzega. Kushona kunataka jicho moja tu, anasema.

Mjukuu wako,
Koleta


Itetemia
23 Aprili 2024

Asnath,

Alisimama mlangoni! Soma barua ya mtoto niliyoiambatanisha, soma sehemu ya mlango.

Nilikodi gari nikaenda Ziba na tumbo hili lililojaa maji. Nimemwona mchomaji, Lugembe. Tumekaa nje ya tanuru lake, akanisimulia bila hata kumshurutisha: "Mimi nilimwambia yule mwalimu, haijazimwa hii, kaizime kwanza kwenye pipa lililo wazi, usisogeze uso. Akasema, naelewa mzee, mimi ni mtu wa sayansi." Maneno yake haya, nimeyanukuu kama yalivyo. Wachomaji wanasema kuzima, kama mtu anavyozima moto, kwa sababu wanajua kuna moto ndani. Nikamwomba aje kuyasema mbele ya bodi. Akaniangalia hivi: "Mwalimu, mimi nina watoto wanne kwenye shule zao. Sikusema kitu. Wewe umeota."

Kwa hiyo Marko alijua. Alijua, akasimama mlangoni, na alipoona damu akaenda stoo kumwaga tindikali ili chupa iwe pungufu. Hilo la mwisho sikuliona, lakini niambie tindikali ilikwenda wapi!

Ita kikao cha rufaa. Nipe dakika kumi, meza, na glasi ya maji. Nitakuja na visahani vitatu. Nakuhakikishia sitamuunguza mtu.

Bernardo


Igunga
20 Mei 2024

Shikamoo Mwalimu,

Ulianguka kabla hatujamaliza, wakakubeba hadi kwenye gari, kwa hiyo hukuusikia uamuzi. Naandika usije ukafa kwa hasira bure.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Uliviweka visahani vitatu vya unga mweupe, kimoja kimoja kwa shida, mpaka mjumbe wetu Uwesu akataka kukusaidia, ukamfokea: "Kaa!" Kisha ukamgeukia Marko kwa upole uliotutisha sote. "Mwalimu Mkuu, hivi vyote nini?"

"Chokaa, mzee."

"Vinatofautiana?"

"Chokaa ni chokaa." Akatabasamu kwa wajumbe. Wakatabasamu.

"Basi chagua kimoja, ukitie kiganjani."

Akachagua cha katikati, akamimina rundo zima kiganjani, akaliinua watu walione kama mganga wa maonyesho. Wewe ukainua glasi ya maji. Ukasema, polepole, "Hiyo nimeichukua kwa Lugembe, bado ina joto la tanuru lake. Nikumwagie?" Na glasi ikaanza kuinama.

Sijawahi kumwona mtu mzima akiruka vile. Kiti kilianguka. "We mzee, una wazimu! Haijazimwa hii!" Akaukung'utia unga chini, akaanza kusugua kiganja kwenye koti, na katibu alipomletea ndoo akapiga kelele: "Si maji! Kitambaa kikavu! Kikavu!"

Mimi ndiye niliyeuliza: "Haijazimwa maana yake nini, Mwalimu Mkuu?"

Uwesu, ambaye hajawahi kusema neno kwenye kikao tangu achaguliwe, akasema, "Kumbe kitambaa kikavu unakijua. Mtoto ulimpa kalamu."

Uamuzi ni huu. Koleta anarudi darasani, tuhuma ya wizi imefutwa kwa maandishi, na itasomwa mbele ya wanafunzi wote. Suala la Marko limepelekwa kwa wakubwa wake, na kwa sasa hayupo ofisini. Kumbukumbu za kikao zinasema "kwa kuzingatia jaribio la kitaalamu lililofanywa na Mwalimu Kapela."

Pumzika sasa.

Asnath


Itetemia
6 Agosti 2024

Mwanangu Asnath,

Padri alikuja jana. Nilimwambia dhambi zangu za kawaida, akanipaka mafuta, akaenda zake. Hii nyingine si yake kuisikia. Ni yako, kwa sababu ipo kwenye kumbukumbu zako na imesainiwa na wewe.

Hakukuwa na jaribio la kitaalamu. Visahani vyote vitatu vilikuwa unga wa muhogo. Niliutoa jikoni kwangu Itetemia, nikauchekecha mara mbili uwe laini. Nilidanganya nilipotaja joto la tanuru. Lugembe hakuniuzia hata punje, na hata angeniuzia nisingeibeba. Baada ya yaliyompata Koleta, nisingeweza kukiweka kitu kile mbele ya kiganja cha mtu yeyote, hata cha Marko.

Usidhani naandika kwa kujuta. Kwa Marko sijuti hata chembe! Mtu aliyejua, aliyeonywa kwa neno lenyewe, aliyechagua mlango kwa ajili yake na chupa kwa ajili ya mtoto wa watu, kisha akamvika wizi juu ya upofu, huyo kumtisha kwa muhogo ni huruma. Nikipona kesho nitamtisha tena. Nina hasira naye mpaka kwenye kucha. Nina hasira na wale waliocheka kikaoni, na wanaochapa vijitabu vya sayansi vinavyosema "chukua chokaa" kana kwamba chokaa ni kitu kimoja. Nina hasira na shule inayofundisha kemia bila kemikali, halafu kitu kikilipuka wanamtafuta mtoto wa kulaumu.

Lakini nilitumia maisha yangu kuwapa sifuri wanafunzi waliopika majibu. Uliwahi kupewa sifuri hiyo wewe mwenyewe, ulilia, ukaniambia, "Lakini Mwalimu, jibu ni sahihi!" Nikakujibu kwamba jibu sahihi lililopikwa ni uongo tu. Sasa mimi nimepika. Jibu ni sahihi, na nimelipika. Siwezi kufa huku karatasi yako inasema jaribio la kitaalamu wakati lilikuwa ugali wangu wa jioni.

Ninachoogopa unakijua. Marko akipata habari hii atadai uamuzi utenguliwe, na Koleta atatolewa darasani miezi mitatu kabla ya mtihani. Nimelala na hofu hiyo na nimeamka nayo. Nakuachia wewe. Ukiona ni lazima useme, sema. Niandikie tu kwanza, ili nimwambie mtoto mwenyewe. Yuko hapa kwangu likizo hii, ananilisha, hajui kitu.

Bernardo Kapela


Igunga
10 Agosti 2024

Mwalimu wangu, shikamoo,

Nilijua.

Siku ile, baada ya kukubeba hadi kwenye gari, wajumbe walitoka kupata hewa kabla hatujaamua. Nikabaki peke yangu na visahani vyako. Viwili vilikuwa bado vimejaa, na kwenye kimoja sisimizi walikuwa wameshapanga foleni, wanabeba. Sisimizi, Mwalimu. Wanabeba chokaa kupeleka kwao? Nikachovya kidole, nikaonja. Ulikuwa mtamu, nadhani ni wa shamba lako la nyuma ya nyumba.

Nilivimimina vyote kwenye mkoba wangu, nikawaita wajumbe, nikaongoza kikao. Nilisaini nikijua. Sikuhukumu unga. Nilihukumu neno. Mtu asiyejua chokaa inaunguza hawezi kuwa na neno "haijazimwa" mdomoni, wala hawezi kuyakimbia maji. Unga ungekuwa wa muhogo, wa mtama, au hewa tupu, neno lile lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Umesema kweli, hata hivyo, kuhusu kumbukumbu. Jana nimeita kikao kifupi. Nimewasomea wajumbe sehemu ya barua yako inayohusu unga, na mimi nikasimama nikasema la sisimizi. Nilidhani nitavuliwa uenyekiti. Uwesu alicheka mpaka akavua miwani. Tumefuta "jaribio la kitaalamu", tumeandika "kutokana na kauli ya mkuu wa shule mwenyewe", na tumesaini upya, wote. Marko akitaka kulipinga hilo, inabidi aeleze kwanza neno lake. Koleta haguswi.

Kwa hiyo jibu lako sasa halijapikwa. Lala.

Mwanafunzi wako,
Asnath


Itetemia
19 Agosti 2024

Mama Asnath, shikamoo,

Mimi ni Koleta. Barua yako ya tarehe kumi ilifika Jumatatu, nikamsomea Babu kwenye sikio la kushoto, nikipaza sauti mpaka majirani wakasikia. Kwa hiyo sasa na mimi najua habari ya muhogo, na Itetemia nzima inajua.

Uliposema uamuzi umebaki, alifumba macho, machozi yakamtoka. Nikadhani amelala. Nikaendelea kusoma pale ulipoonja. Mama, alifumbua macho yote mawili! Alikasirika! "Ameonja? Kitu kisichojulikana, kwenye meza ya majaribio, ameonja? Nilimfundisha nini yule? Mwandikie nimemkata alama!" Nikamwambia, "Babu, lakini alikuwa sahihi." Akasema, "Ndiyo maana nimemkata chache."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya kueleweka. Alifariki Jumatano mchana, tumemzika Ijumaa.

Wajomba walitaka kaburi lipakwe rangi nyeupe mapema, kabla sijarudi shule. Mzee Lugembe akaja mwenyewe kutoka Ziba na gunia. Aliliweka tu uani, akavua kofia. Mjomba mmoja akachukua ndoo na brashi, akasema, "Leta hapa, chokaa ni chokaa."

Nikamwambia angoje. Nikawasogeza watoto wote mbali, nikavaa miwani ya kuchomelea vyuma niliyoazima kwa fundi wa jirani, nikatia maji kidogo kidogo kwenye pipa lililo wazi. Ikachemka, ikafuka moshi, wajomba wakarudi nyuma mpaka ukutani. Mimi nilibaki pale mpaka ikanyamaza.

Ndipo nikawapa brashi.

Koleta
Kidato cha Nne, Sekondari ya Ilolambuga